Mcheza Kwao Hutuzwa: Uharamia wa Nyimbo na Historia ya Ujira wa Mwanamuziki

Utangulizi

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa aghalabu hutolewa kumsifu mtu anayewatumikia watu wa kwao, naye akapata fadhila zao. Ikichunguzwa vyema, methali hiyo ina kanuni ya malipo ndani yake. Mchezaji hutuzwa kwa sababu yu mbele ya macho ya wale anaowachezea. Katika hafla za taarabu za pwani, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka, akaenda hadi alipo mwimbaji, akamtuza fedha mbele ya kadamnasi. Atoaye humwona apokeaye, na hapana wa tatu baina yao. Lakini sauti ikishaweza kusafiri peke yake, ikamwacha mwenyewe nyuma, msikilizaji hamwoni tena wa kumtuza, wala mwimbaji hajui ni nani amemsikiliza. Hapo ndipo linapozuka swali la nani amlipe mwanamuziki, kwa kipimo gani, na kwa mkono wa nani.

Makala haya yanafuatia historia ya swali hilo tangu karne ya 19 hadi zama za kupokezana nyimbo kwa njia ya intaneti. Hoja yake ni mbili. Kwanza, uharamia wa nyimbo haujapata kukomeshwa kwa adhabu peke yake; umepungua pale tu ilipopatikana njia nyepesi ya kulipia matumizi. Pili, ada ikishakusanywa, dhuluma haiishi, bali huhama kutoka kwa mharamia wa barabarani na kuingia katika vitabu vya hesabu vya wale waliokabidhiwa ugawaji.

Mkahawa wa Paris na karatasi yenye matundu

Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget aliketi pamoja na wenziwe katika mkahawa wa Les Ambassadeurs jijini Paris, ambamo kazi zao zilikuwa zikipigwa ili kuwaburudisha wateja. Walipodaiwa bei ya vinywaji, walikataa kulipa. Walidai kwamba maadam mkahawa ulitumia mali yao bure, wao nao watakunywa cha mkahawa bure. Shauri likapelekwa mahakamani, na watunzi wakashinda. Kutokana na ushindi huo kiliundwa, mwaka 1851, chama cha SACEM, ambacho hadi leo hukusanya malipo ya watunzi nchini Ufaransa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Mkahawa haukuwa umeiba karatasi wala kitabu cha Bourget. Kilichotumiwa ni wimbo wenyewe, nao ulileta faida kwa mwenye mkahawa. Kwa hiyo mahakama ilikubali kwamba kinacholipiwa ni matumizi, si kitu kinachoshikika mkononi. Fauka ya hayo, ilidhihirika kwamba mtunzi mmoja hawezi kuzunguka mikahawa yote ya nchi akidai haki yake. Alihitaji mjumbe, na mjumbe huyo ndiye chama. Msomaji na amkumbuke mjumbe huyu, kwa kuwa atarejea mbele ya safari akiwa na sura nyingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea piano iliyojipiga yenyewe, ikiongozwa na msokoto wa karatasi yenye matundu. Watengenezaji wa misokoto hiyo hawakuwalipa watunzi. Nchini Marekani mtunzi John Philip Sousa alipiga kelele mwaka 1906 dhidi ya muziki wa mitambo, lakini mwaka 1908 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya White-Smith na Apollo, kwamba msokoto si nakala ya wimbo, kwa kuwa binadamu hawezi kuusoma. Mwaka mmoja baadaye Bunge la Marekani lilirekebisha mambo kwa sheria ya 1909. Mtunzi akishamruhusu mtu mmoja kuutia wimbo wake katika mtambo, mwingine yeyote aliweza kufanya vivyo hivyo bila ya kuomba ruhusa, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala.

Njia hiyo ilikuwa na busara, kwani ilimwachia mtengenezaji kazi yake na kumpa mtunzi chake. Walakini kiwango cha senti 2 hakikubadilishwa hadi mwaka 1978. Kwa karibu miaka 70 bei za vitu vyote zilipanda, ilhali mrabaha wa mtunzi ulikaa palepale. Ada ambayo sheria huiweka pasipo kuipitia tena huliwa na wakati.

Zama za kanda

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kanda ndogo ya kunasia sauti. Hapo awali mharamia alihitaji kiwanda cha kuchapisha santuri; sasa alihitaji vinasa sauti viwili na meza ya kuuzia. Ujerumani Magharibi ndiyo iliyotangulia kulikabili jambo hili kwa sheria. Ilitambuliwa kwamba haiwezekani, wala haifai, kumtuma askari katika kila nyumba kuona nani ananakili nini. Basi sheria yake ya mwaka 1965 ikamruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi, ikamtoza ada mtengenezaji wa mitambo ya kunasia sauti, na fedha hizo zikagawanywa kwa wenye haki kupitia vyama vyao. Nchi nyingi za Ulaya zilifuata nyayo hizo baadaye.

Katika Afrika ya Mashariki kanda ilikuta sheria changa na masikio yenye njaa. Kenya ilipata Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 1966, ikachukua nafasi ya sheria ya Kiingereza iliyotumika enzi za ukoloni. Nairobi, na hasa mtaa wa River Road, ilikuwa soko kubwa la santuri na kanda za eneo zima. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, na zile zilizotaka kutoa santuri mara nyingi zilifunga safari hadi Nairobi. Nyimbo hizo zilinaswa kwenye kanda, zikanakiliwa na kuuzwa sokoni na vituoni pasipo hata senti kuwarudia walioziimba. Mwimbaji alisikika katika kila basi, naye mwenyewe huenda hakuwa na nauli ya basi hilo.

Hatua zilichukuliwa, ijapokuwa polepole. Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya kiliundwa mwaka 1983. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, na chini yake kikaundwa chombo cha COSOTA. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 ilianzisha Halmashauri ya Hakimiliki, ikaagiza kibandiko maalumu cha kutambulisha kanda halali, na ikaingiza ile kanuni ya Ujerumani ya kutoza ada juu ya kanda tupu na mitambo ya kunasia. Lakini wakati sheria hizi zilipokuwa zikiandikwa, kanda yenyewe ilikuwa ikielekea kaburini.

Napster na kesi elfu thelathini

Katika Taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani wataalamu walikuwa wamebuni njia ya kuubana wimbo hata ukawa faili ndogo. Mwaka 1995 faili hizo zilipewa jina la mp3. Mnamo Juni 1999 kijana Mmarekani Shawn Fanning alitoa programu iitwayo Napster. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: kompyuta kuu ya kampuni iliweka orodha ya nyimbo zilizomo katika kompyuta za wanachama wote, na mwanachama akishauona wimbo autakao katika orodha, aliuchukua moja kwa moja kutoka kwa mwenziwe. Kampuni yenyewe haikuwa na wimbo hata mmoja ghalani.

Makampuni ya kurekodi yalishtaki Desemba 1999. Mwaka 2000 bendi ya Metallica nayo ilishtaki, ikapeleka majina zaidi ya 300,000 ya watumiaji. Februari 2001 Mahakama ya Rufani iliona kwamba, kwa kuwa orodha ilikuwa mikononi mwa Napster, kampuni iliweza kujua na kuzuia. Ilipofika Julai mwaka huo huduma ikafungwa. Waliofuata walijifunza kutokana na hukumu hiyo. Programu kama Kazaa na Grokster hazikuwa na orodha kuu ya kufungiwa, na ilibidi Mahakama Kuu ya Marekani iseme, mwaka 2005, kwamba hata asiye na orodha ana hatia iwapo anawachochea watu wavunje sheria.

Wakati huohuo makampuni yaliwageukia wasikilizaji. Kati ya mwaka 2003 na 2008 watu zaidi ya 30,000 walishtakiwa Marekani, na wengi wao walilipa ili wayamalize mambo. Mwanamke mmoja wa jimbo la Minnesota aliamriwa mwaka 2007 kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Kesi iliporudiwa mwaka 2009, baraza la wazee wa mahakama lilipandisha kiwango hadi dola 1,920,000. Na mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ilirejesha kile cha kwanza. Mdai katika kesi za namna hii alikuwa kampuni, si mwimbaji. Na adhabu kali kiasi hicho haikupunguza uharamia kwa namna iliyoonekana: mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yaliendelea kushuka hadi kufikia mwaka 2014, yakiwa yamepungua kwa zaidi ya theluthi moja tangu 1999.

Palikuwa na njia nyingine. Mwaka 2004 William Fisher wa Chuo Kikuu cha Harvard alipendekeza kwamba ada itozwe juu ya mitambo na huduma za intaneti, nyimbo zipokezanwe huru, na fedha zigawanywe kulingana na matumizi. Desemba 2005 Bunge la Ufaransa lilipiga kura kukubali mpango unaofanana na huo, wa ada moja ya kila mwezi. Lakini Machi 2006 uamuzi huo ukafutwa. Hoja ya Bourget ilikataliwa katika nchi yake mwenyewe.

Mjumbe na mfuko wa pamoja

Kilichopunguza uharamia hatimaye ni wepesi. Duka la iTunes lilianza mwaka 2003 kuuza wimbo kwa senti 99 za dola. Spotify ilianza Ulaya mwaka 2008, ikafika Kenya na Tanzania mwaka 2021, ikimpa msikilizaji nyimbo zote kwa ada ya mwezi au kwa kusikia matangazo. Mtu hana haja ya kuiba kilicho wazi mbele yake. Walakini mwanamuziki hakunyamaza, na sababu yake imo katika namna ya ugawaji.

Kwa desturi, fedha zote huingia katika mfuko mmoja, kisha hugawanywa kwa hesabu ya nyimbo zote zilizosikilizwa. Tuchukulie wasikilizaji wawili tu, kila mmoja akilipa shilingi 300, na kampuni isichukue chochote. Wa kwanza amesikiliza taarabu mara 10. Wa pili amesikiliza muziki mwingine mara 90. Mfuko una shilingi 600, na mwimbaji wa taarabu atapata sehemu moja katika kumi, yaani shilingi 60. Shilingi 240 za mpenzi wa taarabu zimekwenda kwa watu asiowasikiliza kamwe. Ndiyo maana kampuni ya SoundCloud ilianza mwaka 2021 kugawa fedha za kila msikilizaji kwa wale tu aliowasikiliza. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi 12. Na wanaoumia kwanza kwa kanuni ya namna hiyo ni waimbaji wa lugha na mitindo yenye wasikilizaji wachache.

Yaliyompata Solomon Linda yanaonyesha gharama ya mkataba mbaya. Mwaka 1939 alirekodi wimbo wake "Mbube" katika studio ya Gallo, Johannesburg, na haki zake zikatoka kwa malipo duni ya mara moja. Wimbo huo ukaizunguka dunia kwa majina mengine, naye akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walifikia maafikiano mwaka 2006, wakisaidiwa na kifungu cha ile sheria ya Kiingereza ya 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Hakuna mharamia wa barabarani aliyemnyima Linda kiasi kikubwa kama alichonyimwa na karatasi halali.

Kenya imejaribu kuandika mgawo ndani ya sheria yenyewe. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliagiza kwamba katika mapato ya nyimbo zinazosikika mtu apigapo simu, mwenye haki apate asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Hatua hiyo ni njema, kwa kuwa kiwango kinaonekana na kila mtu. Lakini vyama vya kukusanya mirabaha vimelaumiwa mara nyingi na wanachama wao kuhusu hesabu, na Halmashauri ya Hakimiliki imepata kuvinyima leseni. Mjumbe aliyezaliwa Paris ili amsaidie mtunzi amekuwa naye wa kuchungwa.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kila mtambo mpya ulipokuja, watu waliutumia kwanza, sheria ikafuata baadaye, na amani ikapatikana kwa ada nyepesi iliyotozwa pale muziki unapotumika. Kumwita msikilizaji mwizi hakukumletea mwimbaji mkate. Wala haifuati kwamba kuchukua bure ni haki: mkahawa wa Paris nao ulidhani hivyo.

Yanayodaiwa basi ni matatu: ada ipitiwe kila baada ya muda maalumu, isije ikalala miaka 70 kama ile ya Marekani; fedha za msikilizaji zimfuate aliyesikilizwa; na kila chama kiwatangazie wanachama wake kilichokusanywa, kilichotumika ofisini, na kilichomfikia kila mtunzi. Mwimbaji wa leo husikilizwa na watu asiowajua, katika miji asiyopata kuiona. Hesabu iliyo wazi ndiyo itakayomwezesha kujua ni nani aliyemtuza, na ni kiasi gani kilichobaki njiani.