Bunduki za Njia ya Bara: Silaha za Misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Katikati ya karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ulikuwa na kilomita zipatazo 800 za kutembea, na nyingine 400 hivi iwapo ulikusudia kufika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, hivyo vitambaa, ushanga, masango ya waya, chumvi na baruti vyote vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Safari ya kufika Unyanyembe ilichukua miezi mitatu ikiwa njia ni nyeupe, na zaidi ya hapo kukiwa na vita, njaa au ndui. Silaha za safari hiyo zilichaguliwa pwani, kabla ya kuvuka Mto Kingani. Aliyechagua vibaya aligundua kosa lake Mgunda Mkali, nyika kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako hakukuwa na duka la baruti wala fundi wa mtambo.

Waliopita njia hiyo hawakuwa wa aina moja. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, pamoja na waungwana wao wa pwani, waliondoka nyumbani wakielekea ugenini. Kwa Wanyamwezi mambo yalikuwa kinyume, kwani wao walishuka pwani na pembe za ndovu kisha wakarudi kwao. Kijana wa Unyamwezi alihesabiwa kuwa mtu mzima baada ya kuiona bahari, na wengi walifanya safari hiyo kabla ya kuoa. Ujira walilipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa masango, na kadiri miaka ilivyosonga wengi wao walitaka bunduki. Walijitahidi kuwahi nyumbani kabla ya mvua za kulimia. Hivyo bunduki nyingi zilizoingia bara ziliingia mikononi mwa watu waliokuwa wanarudi kwa wazazi na wachumba wao, katika njia ambayo kila mwaka ilikuwa na hatari mpya. Jambo hili husahaulika kwa sababu vitabu vingi vya safari za zama zile viliandikwa na Wazungu, na Wazungu hao waliwaona wapagazi kuwa migongo ya kubebea mizigo tu.

Silaha ya zamani zaidi ya moto katika misafara hiyo ilikuwa bunduki ya utambi. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857, walisindikizwa na askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja, na baadhi yao walibeba bunduki za namna hiyo. Utambi uliwashwa na kushushwa juu ya baruti kwa kuvuta kitanzi. Ulipaswa kuwa unawaka wakati wote wa hatari, umande uliuzima, na usiku ulimwonyesha adui mahali alipo mwenye bunduki. Kwa safari ya miezi mitatu porini, ilikuwa silaha ya mashaka.

Iliyoshika njia ya bara kwa muda mrefu kuliko zote ni gumegume. Nyingi zilikuwa na muhuri wa Tower, chapa ya ghala kuu la silaha la Uingereza, na zilitengenezwa Birmingham au kuigizwa Liège nchini Ubelgiji. Bunduki moja ilikuwa na uzito wa kilo 4 hadi 5 na urefu unaokaribia kimo cha mtu. Matumizi yake yalihitaji utaratibu. Mwenye bunduki alimimina kipimo cha baruti kutoka kwenye pembe iliyoning'inia kiunoni, akaimwaga ndani ya kasiba, akaingiza kitambaa au nyuzi za gome, akasindilia kwa mdeki, akatia risasi, akasindilia tena. Kisha alifungua kisahani kidogo pembeni mwa mtambo, akatia chembe chache za baruti, akakifunika na kukokoa jiwe nyuma. Kifyatuo kilipovutwa, jiwe la gumegume lilipiga chuma, cheche zikaangukia kisahanini, na moto ukapenya tundu hadi ndani ya kasiba. Mzoefu aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika akiwa ametulia na amesimama wima. Mpagazi aliyetupa mzigo chini huku mishale ikimjia hakupata utulivu huo. Zaidi ya hatua mia moja, kulenga shabaha kulikuwa bahati. Mvua ikilowesha kisahani, bunduki ilikaa kimya.

Pamoja na kasoro hizo, watu waliozijua safari waliendelea kuichagua gumegume hata baada ya silaha bora kufika Unguja, na walikuwa na haki. Bunduki ya fataki iliwaka hata kwenye unyevunyevu, lakini kila pigo lilihitaji kifuko kidogo cha shaba kilichotengenezwa Ulaya. Kopo la fataki likipotea mtoni, bunduki yote ilikuwa imekwisha kazi. Bunduki za kutia risasi kwa nyuma zilikuwa na mashaka zaidi. Risasi moja ya Snider, bunduki iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1866, ilikuwa na uzito wa gramu 46 hivi. Risasi 700 zilitosha kuwa mzigo kamili wa mpagazi mmoja, yaani frasila mbili, na zikimalizika hakukuwa na kijiji ambacho kingeweza kutengeneza nyingine. Jiwe la gumegume, kwa upande wake, lilidumu kwa makumi ya mapigo. Baruti ya kawaida iliuzwa katika mapipa madogo Unyanyembe na Ujiji. Risasi haikuwa lazima iwe ya madini ya risasi, kwani vipande vya chuma vya mhunzi wa kijijini vilipita kasibani. Kule Garenganze, ambako Msiri, Mnyamwezi aliyeingia Katanga kwa biashara, alijijengea dola yake, risasi zilifuliwa kwa shaba ya nchi hiyohiyo. Msafiri wa mbali alihitaji bunduki inayopata chakula chake njiani, na kwa kipimo hicho gumegume haikuwa na mshindani.

Orodha ya silaha ya mwandishi wa habari Henry Morton Stanley ya mwaka 1871 inaonyesha jinsi hata mgeni mwenye fedha alivyofuata hesabu hiyo. Alikuwa amenunua Winchester na Henry, bunduki za kupiga mfululizo zilizokuwa za kisasa wakati huo, pamoja na karabini za Starr, bunduki nzito ya tembo na bastola. Hizo zilikuwa chache, kwa ajili yake mwenyewe na watu wake wa karibu. Walinzi wake walipewa gumegume 24, pamoja na mashoka madogo 24 na visu 24. Shoka lilikata miti ya boma la miiba kila jioni, na lilibaki silaha pale bunduki ilipokuwa tupu. Nahodha wa walinzi hao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto, akarudi Afrika akiwa mtu huru, akatembea na Burton na Speke kabla ya Stanley, na baadaye na mpelelezi Cameron. Hakuna Mzungu wa zama zake aliyekuwa na ujuzi wa njia ile unaoukaribia wake.

Kugawa bunduki kulikuwa na hatari yake. Mpagazi aliyetoroka aliweza kutoroka na silaha, na bunduki moja ilikuwa na thamani ya vitambaa vingi, kwa hiyo wakuu wa misafara waliwapa bunduki watu waliojulikana kwa majina na jamaa zao. Vijana walipenda kubeba bunduki begani wakiwa wameshika mdomo wa kasiba, kitako kikiwa nyuma, na mara nyingi ikiwa imeshashindiliwa. Ajali zilikuwa nyingi.

Baruti nyingi ya msafara haikumpiga mtu wala mnyama. Ilipigwa hewani. Msafara ulipokaribia mji, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alisimama, watu wakavaa nguo zao nzuri, bendera ikanyanyuliwa, na bunduki zikapigwa kwa pamoja ili wenyeji wajue kwamba wanaokuja ni wageni wa amani na wenye mali. Kuingia kimya kimya kulikuwa tabia ya wezi. Stanley alipiga mizinga ya namna hiyo alipoingia Ujiji mwezi Novemba 1871. Katika Ugogo, ambako watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu maji na njia, idadi ya bunduki ilikuwa sehemu ya mazungumzo hata kama hakuna iliyopigwa. Msafara wenye bunduki nyingi na nidhamu ulilipa hongo na kupita. Ule uliojaribu kutumia bunduki badala ya hongo ulijikuta umezuiwa kwenye visima, na mtu mwenye kiu hana nguvu ya kubishana.

Wala si haki kuzungumzia bunduki hizi kama vyombo vya kujilinda peke yake. Njia hiyohiyo ilipeleka watumwa pwani, na bunduki hizohizo zilichoma vijiji na kuwafunga watu minyororo. Katika Manyema na kando ya Ziwa Tanganyika, mlio wa gumegume ulikuwa ishara ya kuacha kila kitu na kukimbilia msituni.

Kipindi kigumu kuliko vyote kwa wasafiri wa Unyanyembe kilikuwa vita ya Mirambo. Mtemi huyo wa Urambo alikuwa amekusanya wapiganaji wa ruga-ruga wenye bunduki na mikuki, na mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Wafanyabiashara wa Tabora walijikuta wametengwa na mali zao, wadeni wao na jamaa zao waliokuwa ng'ambo ya pili. Mwezi Agosti waliteka Wilyankuru, wakaanza kurudi na pembe na mateka, na Mirambo akawavizia katika majani marefu ya njiani. Mashambulizi ya karibu namna ile yaliifedhehesha gumegume: pigo la kwanza likishatoka, hakukuwa na nafasi ya kusindilia la pili kabla mkuki haujafika. Kabla ya mwezi kwisha Mirambo aliuingia mji wa Tabora wenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu pale, aliuawa akijaribu kumzuia. Waliokuwa na lazima ya kufika Ujiji walizunguka kusini, wakipita Ukonongo na Ukawendi hadi Uvinza. Stanley alikuwa mmoja wao. Uamuzi wa kuzunguka uliokoa maisha zaidi kuliko bunduki yoyote iliyokuwamo msafarani.

Mfano bora wa matumizi ya silaha katika safari ndefu ya msiba ni wa watu wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma waliamua kumrejesha kwao. Wenyeji walilia kwa ngoma, nao wakajibu kwa mizinga ya bunduki hewani, kama desturi ya pwani ilivyotaka. Mwili ulikaushwa, ukafungwa, ukabebwa. Mahali pamoja, kwenye kijiji cha Chawende, walikataliwa kuingia, ugomvi ukazuka, wakakiteka kijiji kwa nguvu. Walipokwisha kupita Kwihara karibu na Tabora walisikia kwamba njia ya mbele ina watu wasiopenda maiti ipite katika nchi yao. Hapo hawakutegemea bunduki. Waliufunga mwili upya ufanane na mzigo wa vitambaa, wakatangaza kwamba marehemu anarudishwa kuzikwa alikotoka, na wakapita. Bagamoyo waliifikia Februari 1874. Busara yao ya kujua wakati wa kupigana na wakati wa kuficha mzigo haijapata sifa inayostahili.

Miaka ya 1880 ilibadilisha hesabu zote. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha bunduki za kutia risasi kwa mbele, yaani magobori, na ghala zao kuukuu zilimwagwa Afrika kwa bei ya chini. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka, na si magobori tu. Stanley aliporudi kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria, mwaka 1887 alibeba Remington 510 pamoja na bunduki ya Maxim, na bado msafara wake uliteketea kwa njaa na maradhi katika msitu wa Ituri, ambako hapakuwa na chakula cha kununua. Wahehe walitoa funzo jingine. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wa mtemi wao Mkwawa waliushambulia msafara wa Kijerumani wa Zelewski ukiwa unatembea kwa mstari mmoja kwenye vichaka, wakauangamiza kwa dakika chache, zaidi kwa mikuki, na wakachukua bunduki karibu 300. Askari wa Zelewski walikuwa na silaha bora kuliko misafara yote ya zamani. Walikosa kitu ambacho kila kirangozi wa Kinyamwezi alikizingatia, yaani kujua nani yuko nje ya njia.

Wakati huo uchaguzi ulikuwa umeanza kuondolewa mikononi mwa wasafiri. Kuanzia mwisho wa 1888 hadi 1889 meli za Ujerumani na Uingereza ziliifunga pwani wakati wa vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, zikizuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za mapindo ya ndani na za kutia risasi kwa nyuma katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kutoka maghalani kwa kibali. Msafiri wa Ulaya mwenye hati ya serikali yake aliweza kuingia na silaha bora za kujilinda. Mnyamwezi aliyekuwa anarudi kwao aliachiwa gobori, katika miaka ileile ambapo sotoka iliua ng'ombe na njaa ikafuata, na watu wengi wakawa njiani kutafuta jamaa wenye chakula.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache, na misafara mikubwa ya miguu ikakoma. Magobori yalibaki vijijini, yakapigwa kwenye misiba na harusi, na kutumiwa na wawindaji waliokuwa na kibali.