Shahada ya Pili na Dhahabu ya Kahama

Mpwa wangu anataka kuingia benki za uwekezaji, anauliza asome shahada gani ya pili. Nimemrudisha Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu wa hapa Kahama. Mwaka 1999 Barrick ya Kanada ililipata eneo hilo kwa kuinunua Sutton Resources; uchimbaji ukaanza 2001. Hisa za African Barrick Gold, kampuni yake tanzu, ziliingia sokoni London 2010, Dar es Salaam 2011, ingawa soko letu la hisa lilifanya kazi tangu 1998 na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilikuwepo tangu 1972. Inaniuma kwamba soko na chuo tulikuwa navyo, lakini London ikatangulia.

Kwa hiyo, mjomba, soma fedha, si biashara kwa ujumla. Jifunze kuuthaminisha mgodi: mashapo yaliyopo, gharama ya kuchimba, bei ya wakia, na miaka iliyobaki. Miaka hiyo huisha: Buzwagi, mgodi jirani yetu hapa, ulianza 2009 ukafungwa 2021.