Nguzo za Beit al-Ajaib

Sayyid Barghash bin Said alipojenga Beit al-Ajaib katika ufuko wa Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1883, hakukusudia kulifanya makazi bali jumba la fahari na mapokezi. Watu waliliita Nyumba ya Maajabu, na si bure: taa za umeme hazikuwa zimepata kuonekana katika jengo lolote la Unguja kabla yake.

Yafaa kukumbukwa kwamba katika nyumba za mawe za pwani upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vyake huwa virefu na vyembamba. Katika Beit al-Ajaib mawe ya matumbawe na boriti za mikoko vilikutanishwa na zege na mihimili ya chuma, na kuzunguka jumba zikapangwa roshani, ghorofa juu ya ghorofa, zikichukuliwa na nguzo ndefu nyembamba za chuma cha kusubu. Nyumba ya mwenyeji huipa njia kisogo ikatazama ua wake. Jumba hili lilitazama bahari, likingoja kutazamwa na merikebu. Hata hivyo, wanaoliita jengo la Kizungu wanakosea. Ndani umo ua mkubwa wa kati, ijapokuwa umeezekwa, na milango yake imenakshiwa kwa aya za Kurani.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, likabomoka, na mnara uliosimama peke yake mbele ya majumba hayo ukaharibika. Katika matengenezo ya 1897 mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, na vizazi vilivyofuata vikaudhani wa asili.

Chuma kikila kutu hufura na kupasua jiwe linalokishika, na hewa ya bahari haikipi nafasi. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu ya mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa.

Basi lijengwe upya jumba lipi? Mnara ni alama ya vita, na Barghash, aliyefariki 1888, hakuujua. Lakini ulisimama miaka 123, ilhali uso alioujenga yeye ulidumu bila mnara huo miaka 14 tu.