Mjukuu Wangu na Mlima wa Theluji

Binti yangu alifika kwangu Busi siku moja ya Novemba, jua likiwa la utosi, akaketi chini ya mwembe na hata maji hakuomba.

"Shikamoo baba," alisema, kisha akaendelea bila kungoja nimalize marahaba yangu. "Mjukuu wako anataka kwenda kujiua. Mkataze. Mimi hanisikii tena, wewe atakusikia."

Mjukuu wangu huyo anasoma Ujerumani. Yeye na wenzake watatu walikuwa wakipanga kwenda Ufaransa mwezi wa Februari, mahali paitwapo Chamonix, wakakae wiki nzima wakiteleza juu ya theluji. Chombo chao ni ubao mmoja unaofungwa miguu yote miwili, mtu akasimama ubavu na kushuka mlima. Alikuwa amejifunza kwa misimu miwili katika vilima vidogo, na sasa alitaka mlima wenyewe.

Msomaji asidhani kwamba sisi watu wa Kondoa ni wageni wa kuteleza. Nilipokuwa mtoto, tulikuwa na makorongo mengi kuliko barabara. Mvua zilikuwa zimekula ardhi hata vilima vikabaki mbavu tupu, nasi tulikalia vipande vya ngozi kuukuu ya ng'ombe tukateremka katika mchanga mpaka chini. Wazee walituchapa kwa kuharibu ngozi, si kwa kuhatarisha shingo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoharibika zaidi. Miti na majani vikarudi, na mchezo wetu ukafa. Kwa hiyo sikuweza kumwambia kijana kwamba kuteleza ni wazimu wa Wazungu.

Nilimwomba binti yangu anipe siku tatu. Mwalimu akiulizwa jambo asilolijua vyema hana budi kurudi kwanza kwenye historia, nami nilirudi kwenye mlima wetu wenyewe.

Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Aliona kitu cheupe kileleni, akamuuliza kiongozi wake ni nini. Yule mtu alimjibu kwamba ni baridi. Jibu hilo hunifurahisha kila nilikumbukapo. Maneno mawili tunayotumia leo ni ya kuazima: theluji tumelipata kwa Waarabu, na barafu limetoka kwa Waajemi. Kiongozi yule hakuwa na haja ya jina. Alikitaja kitu kwa kazi yake, yaani kile kinachomfanyia mtu aliyekisogelea. Huko Uingereza bwana mmoja msomi, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Aliyekuwa kwenye mguu wa mlima alijua. Aliyekuwa kwenye kiti chake alibisha.

Aliyefika kileleni na kuandika habari zake alikuwa Mjerumani Hans Meyer, tarehe 6 Oktoba 1889. Vitabu vya shule humtaja kwa siku hiyo moja. Lakini mimi nilipomfundisha katika darasa la saba nilipenda kueleza jinsi alivyoshindwa. Mwaka 1887 alifika kwenye ukingo wa barafu akasimama, kwa kuwa hakuwa na zana za kuupandia ukuta wa barafu. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, vita vya Abushiri vikawakuta, wakakamatwa na kuachiliwa kwa fidia. Mara ya tatu alikuwa amejifunza. Alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mtu aliyeizoea milima ya Alpi. Alipanga kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, ili akishindwa leo asilazimike kuteremka hadi chini. Na kweli, tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta wakiwa wamechoka kwa kuchonga ngazi katika barafu, wakarudi kambini. Siku tatu baadaye walifika.

Katika habari hiyo wapo watu wawili ambao sikuacha kuwataja darasani. Wa kwanza ni Yohani Kinyala Lauwo, ambaye watu wa Marangu wanamtambua kuwa ndiye aliyewaonyesha wageni hao njia. Wa pili ni Mwini Amani wa Pangani. Mtu huyu wa pwani, aliyezaliwa penye minazi na joto, alibaki katika kambi ya juu akitunza moto na chakula, huku wenzake wawili wakipanda. Kama Mwini Amani angeteremka kwa kuikimbia baridi, sijui Meyer angerudi kula nini. Hakuna safari ya mlimani isiyokuwa na mtu anayengoja.

Hata hizo skii si ngeni kwetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuteremka sehemu ya barafu yake kwa skii. Barafu moja kileleni inaitwa kwa jina la Furtwängler hadi leo, ingawa imepungua mno. Kati ya 1912 na 2000 mlima wetu ulipoteza takriban asilimia 80 ya barafu yake. Watoto wa wajukuu wangu huenda wakaisoma theluji ya Kilimanjaro kama tunavyosoma habari za falme zilizokwisha.

Sasa sina budi kueleza jambo ambalo binti yangu hakulijua aliponituma.

Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge juu ya Kilimanjaro. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na tangu siku hiyo nilitaka kufika pale. Nafasi ilikuja mwaka 1974, nikiwa chuo cha ualimu. Tulikuwa wanachuo kumi na wawili. Maandalizi yetu yalikuwa ari. Tuliazima sweta, tukavaa soksi mikononi badala ya glovu, tukabeba maharage ambayo hayaivi kule juu, maana maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Tulipanga kupanda haraka kwa sababu likizo ilikuwa fupi.

Mwenzangu mmoja, kijana wa Kondoa kama mimi, alianza kuumwa kichwa siku ya pili. Siku ya tatu, tulipofika kibanda cha Kibo, zaidi ya mita 4,700, alitapika chai. Akaniambia kwa Kirangi, ili wengine wasisikie, kwamba anataka kushuka. Nami nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, "Usitutie aibu." Wengine walicheka. Usiku wa manane tuliondoka pamoja naye. Hatukufika mbali, akaanza kuyumba kama mlevi na kutaja mambo yasiyokuwapo. Mzee wa Kichagga aliyetuongoza hakutushauri wala hakututukana. Alimgeuza, akamshika kwapani, akaanza kuteremka naye gizani. Baadaye alitueleza kwamba dawa ya ugonjwa ule ni kushuka tu, na kwamba saa mbili zaidi zingetosha kumzika.

Alipona. Alifundisha miaka mingi, akalea watoto, tukakutana misibani na harusini. Hatukulizungumza kamwe. Amefariki sasa, na neno langu lile halikuombewa radhi.

Basi nilipoketi kufikiri juu ya Chamonix, sikuwa nikifikiri juu ya mjukuu peke yake. Mji huo uko chini ya Mont Blanc, mlima wenye zaidi ya mita 4,800, uliopandwa kwanza mwaka 1786 na Jacques Balmat pamoja na daktari Michel-Gabriel Paccard. Hapo ndipo ilipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924. Kuna gari la kamba, lililofunguliwa 1955, linalompandisha mtu hadi Aiguille du Midi, mita 3,842. Kutoka huko watu huteremka bonde la barafu kwa kilomita kama 20, nje ya njia zilizotiwa alama, penye nyufa zinazoweza kummeza mtu na ubao wake. Gari hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Meyer alihitaji miaka mitatu na Mwini Amani. Kijana wa leo hufikishwa juu kwa dakika chache, mwili na akili vikiwa bado viko bondeni. Tarehe 9 Februari 1999 maporomoko ya theluji yaliangukia nyumba za Montroc, karibu na mji huo, yakaua watu 12. Hao hawakuwa wakiteleza. Walikuwa nyumbani.

Siku ya tatu nilimpigia simu. Binti yangu alikaa karibu nami, akitarajia neno "hapana". Nilimuuliza kijana maswali kama ya mtihani. Je, kila mmoja wenu ameshuka njia nyekundu bila kuanguka, kabla ya kutamani nyeusi? Ni nani atakayesoma kila asubuhi daraja la hatari ya maporomoko, lile la moja hadi tano, na likifika tatu mtafanya nini? Mkienda nje ya alama, mmeajiri kiongozi wa mahali hapo? Kila mtu ana chombo cha kutoa ishara akifukiwa, fimbo ya kumtafutia mwenzake, na koleo, na mmefanya mazoezi ya kuvitumia? Maana aliyefukiwa huwa na dakika kama 15 za kuokolewa, na watakaomwokoa ni ninyi, si helikopta. Bima yenu inalipia kuokolewa mlimani? Nani atangoja chini akijua saa yenu ya kurudi?

Matatu aliyajibu. Mengine alinyamaza, nami nikaupenda unyamavu ule kuliko majibu.

Kisha nilimsimulia habari ya mwaka 1974, na neno nililolisema, mama yake akisikia. Nilimwambia, "Sikukatazi. Lakini mmoja wenu akisema anataka kushuka, shukeni wote, wala asiulizwe sababu. Hilo likubalianeni mezani kabla hamjapanda, kwa sababu kule juu aibu ina nguvu kuliko akili."

Alikaa kimya kidogo. "Nimekusikia, babu," akasema. "Mwenzetu mmoja alikwisha sema hataki ile njia ya barafu. Tulimcheka."

"Basi mpigie leo," nikamwambia.

Binti yangu hakufurahi. Alitaka katazo, nami nimempa maswali. Ameondoka akisema kwamba wanaume wa ukoo huu ni walewale. Nimemwacha aseme. Februari haijafika, naye kila jioni hunipigia kuniuliza kama kijana amepata kiongozi. Amempata, na siku tatu za kwanza watabaki katika njia zenye alama. Bima wanaitafuta bado. Mpaka waipate, nimemwambia mama yake aendelee kuuliza. Yeye ndiye Mwini Amani wa safari hii.

Jana nilikwenda kwa mjane wa rafiki yangu. Nilibeba kilo mbili za sukari, nikamweleza lile neno. Akaniambia alilijua tangu mwaka waliooana.