Mkuzo, Msukumo, Kiwango: Sauti Ipi Tunayoongeza?

Kiigizi cha amplifaya ni kompyuta ndogo inayoiga kwa hesabu tabia za amplifaya za vali. Kampuni ya Line 6 ilikieneza kifaa cha aina hii kwa POD, iliyotoka mwaka 1998. Faida yake kwa mpiga gitaa wa Garissa ni dhahiri: anakitia mkobani, anasafiri nacho hadi Wajir au Mandera, kisha anakichomeka moja kwa moja kwenye mixa ya ukumbi. Tatizo huanza mtu anapomwambia, “Ongeza sauti.” Kwa kawaida kifaa cha aina hii huwa na vidhibiti vinne vya sauti, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza, “gain”, nakiita mkuzo. Kinaamua mawimbi ya gitaa yaingie kwa nguvu gani katika hatua ya mwanzo ya amplifaya. Mkuzo ukizidi, vilele vya mawimbi hukatwa na sauti hukwaruza. Hapo ukiendelea kuuongeza, ukali ndio unaopanda, si ukubwa. Ni kama chai: majani yakizidi sufuriani, chai inakolea, lakini vikombe ni vilevile.

Cha pili, “master volume”, wengi wangekitafsiri sauti kuu. Tafsiri hiyo inapotosha, kwa sababu kwenye mixa sauti kuu ndiyo ya mwisho kabla ya spika. Marshall walipokiweka kwenye amplifaya zao mwaka 1975, lengo lilikuwa mpigaji apate mkwaruzo bila kutikisa jengo. Katika viigizi vingi kinaamua vali za mwisho zilizoigwa zisukumwe kiasi gani, hivyo kinabadilisha ladha pamoja na ukubwa. Msukumo ni jina linalokifaa zaidi.

Cha tatu ni kiwango cha chaneli. Hiki kinapandisha au kushusha sauti iliyokwisha kuundwa, na ladha yake haiguswi. Ndicho cha kusawazishia mlio mwororo wa ubeti na mlio mkali wa kiitikio.

Cha nne ni sauti ya kutokea, inayokwenda kwenye mixa, spika au hedifoni. Ndani ya mitambo ya kidijitali kikomo ni desibeli 0. Mawimbi yakivuka hapo hukatwa kikatili, na mkatiko huo haufanani na mkwaruzo wa vali.

Tofauti hizi zina uzito wa pekee Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Katika buraanbur, ushairi wa wanawake wa Kisomali unaoimbwa kwa ngoma harusini, maneno ndiyo kiini. Gargar, kikundi cha wanawake wa Garissa kilichotoa albamu ya Garissa Express kupitia Ketebul Music ya Nairobi, nacho kimejengwa juu ya sauti za waimbaji. Mpiga gitaa anayesindikiza uimbaji wa namna hiyo akiongeza mkuzo ili asikike, mkwaruzo wake utafunika maneno ya mwimbaji, naye bado ataona hasikiki. Alichohitaji ni kiwango.

Basi tengeneza ladha kwanza kwa mkuzo na msukumo, sawazisha milio kwa kiwango, kisha malizia na sauti ya kutokea. Na fundi wa mitambo akikuambia uongeze sauti, muulize kwanza: ipi?