Mwari hakufundwa kukataa

Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Kiswahili kuhusu desturi za Waswahili wa pwani ya Mrima, kikihaririwa na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Ndani yake mna posa, mahari, kumbi la kutahiriwa wavulana na mafunzo ya wasichana. Anayekisoma leo akiwa na kijana nyumbani hachelewi kuona jambo moja: mama na baba hawakuwa walimu wa mambo ya ndani. Ilikuwa aibu kwao kuyatamka mbele ya mtoto wao, na kwa hiyo kazi hiyo ikapewa watu maalumu. Msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemshika mkono tangu kuvunja ungo hadi usiku wa harusi. Mvulana aliyetahiriwa na ngariba alikuwa na kungwi wa kumuuguza na kumtia adabu.

Mpango huo ulikuwa na busara ambayo haifai kupuuzwa. Kila kijana alijua amwendee nani. Mwalimu alikuwa na jina na nyumba mtaani, na aliyoyasema yalibaki kwa waliofundwa. Bi Kidude, aliyeitwa Fatuma binti Baraka na kufariki Aprili 2013, alisifika duniani kwa taarab, lakini Unguja alikuwa pia mwanamke wa unyago, mpiga ngoma na mfundaji wa wari, wasichana waliovunja ungo, kazi aliyoishikilia mpaka uzeeni. Katika unyago mambo yaliyokuwa marufuku barazani yaliimbwa na kuchezwa waziwazi, mlango ukiwa umefungwa na wanaume wakiwa mbali.

Ila yaliyofundwa yalielemea upande mmoja. Mwari alifundwa usafi wa hedhi, kujitunza, heshima kwa wakubwa, na kwa kirefu kabisa, namna ya kumpendeza mume. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa wasia mnamo 1858, akiwa mgonjwa. Ni kazi ya mama mwenye mapenzi makubwa, na ndiyo maana inauma kuona hesabu yake: binti anaambiwa atafute radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Radhi ya binti mwenyewe haimo katika hesabu hiyo. Hata katika ndoa, dini iliagiza msichana aulizwe. Lakini haya ikamfanya anyamaze, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa kukubali.

Kuna jambo zito zaidi. Unyago wa Unguja ulibebwa visiwani kwa sehemu kubwa na wanawake wa Kiyao, Kimakonde, Kinyasa na wengine wa bara ya kusini, waliofikishwa huko na biashara ya watumwa. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria Zanzibar iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Walisubiri hadi 1909. Elimu ya unyumba, basi, ilishikwa kwa muda mrefu na wanawake waliotoka katika tabaka la watu ambao miili yao haikuombewa ruhusa.

Aliyeimba hadharani juu ya dhuluma kama hizo alikuwa mtoto wa watumwa: mwimbaji Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni Unguja. Muuaji, Kijiti mwenyewe, alivuka kwenda bara, na waliofungwa wakawa wanawake waliokwenda kutoa habari zake. Miaka karibu mia imepita, na msichana anayekwenda kushtaki bado anaulizwa kwanza alikuwa anafanya nini huko.

Kisha zikaja picha. Katika miaka ya 1980 mtafiti Minou Fuglesang aliwakuta wasichana wa Lamu wamejikusanya majumbani mbele ya video za filamu za Kihindi, wakijifunza mapenzi kwa watu wasiowajua. Kitabu chake kilitoka 1994, na mwaka 1999 akaanzisha Femina jijini Dar es Salaam, kazi iliyozaa jarida la vijana lililosambazwa katika shule za sekondari. Vijana wengi wa Tanzania walisoma humo, kwa Kiswahili chao, habari za miili na mahusiano ambazo nyumbani zilikatizwa kwa kukohoa.

Nchini Kenya fundisho kuhusu ridhaa lilipatikana kwa gharama ya kutisha. Usiku wa 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya mchanganyiko ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Naibu mkuu wa shule aliripotiwa kusema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru, walitaka kuwabaka tu. Ilipita miaka 15 kabla ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, iliyosukumwa bungeni na Njoki Ndung'u. Sheria hiyo inaeleza ridhaa kwa maneno mepesi: kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Nchini Tanzania nako, mwaka 2016, Mahakama Kuu ilikubaliana na Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuozwa kwa idhini ya mzazi vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikashikilia hukumu hiyo mwaka 2019.

Na sasa simu. Msichana anamtumia mpenzi wake picha, wanakosana, na kufikia jioni picha iko kwenye magrupu. Vijana wa Dar wanaziita koneksheni na kuziomba bila kupepesa macho. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu makosa ya mtandaoni inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mwenzake, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini anayesambaza mara nyingi ni mvulana wa kidato cha pili, na ndiye kijana aliyeachwa bila mwalimu. Kumbi lake siku hizi ni zahanati na likizo ya Desemba. Hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumwambia kwamba picha aliyoonyeshwa yeye hakupewa aigawe, na kwamba aliyekubali jana anaweza kukataa leo.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hilo. Katika mitaa ya mabanda Nairobi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la Ujamaa liliingia madarasani na wakufunzi wawili: mwanamke kwa wasichana, akiwafundisha kukataa kwa sauti na kujihami, na mwanamume kwa wavulana, akiwafundisha kuuliza, kusikia jibu, na kumzuia mwenzao anapoanza kumlazimisha msichana. Hapo kijana alipata tena mtu mzima wa kumwendea, kama alivyokuwa kungwi.