Picha za Misafara katika Nchi ya Wakaputiei, 1883–1910

Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London, alipita katika nchi ya Wamaasai akitokea Taveta, akapiga kambi mahali alipopaita katika kitabu chake Ngongo-a-Bagas. Jina hilo lastahili kutazamwa kabla ya picha zenyewe. Asili yake ni maneno ya Kimaasai enkong'u e mpakasi, yaani jicho, au chemchemi, ya mto Empakasi. Nao ndio mto uitwao leo Mbagathi, upitao baina ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na nchi ya Tuala na Kitengela. Waswahili wa misafara ya pembe, ambao katika lugha yao pia chemchemi ni jicho la maji, walilitamka jina hilo walivyoweza. Mgeni akaliandika alivyolisikia. Kisha kipande chake cha mwanzo kikabaki kuwa Ngong. Habari nyingi za nchi hii zilifika vitabuni kwa njia hiyo, zikiisha kupita katika vinywa vya wapagazi na wakalimani. Picha nazo hazikusalimika.

Thomson alikuwa na kamera miongoni mwa mizigo yake. Katika milima ya Taita alijaribu kuwapiga picha wenyeji, na yeye mwenyewe asimulia jinsi walivyokimbilia msituni kila alipoielekeza kamera, na jinsi kuwaonyesha picha nyingine ili watulie kulivyozidisha hofu yao. Walimdhania kuwa mchawi atakaye kuzitwaa roho zao. Kisa hiki kilichukuliwa baadaye na James Frazer katika The Golden Bough, kikawa mfano wa itikadi za watu wasiostaarabika. La ajabu ni kwamba Thomson huyo huyo, alipofika kwa Wamaasai, alijitangaza kuwa mganga mkuu, akawaonyesha meno yake mawili ya bandia yatokayo na kurudi mdomoni, na chumvi ya dawa iliyochemka katika maji. Mtu ajiitaye laiboni hana haki ya kushangaa watu wakikiogopa chombo chake. Tena, hofu ile haikuwa ya kipuuzi kama Frazer alivyodhani. Sura za watu zilichukuliwa kweli, zikapelekwa mbali, zikatumiwa na wengine kwa mambo ambayo wenye sura hawakuulizwa.

Kitabu cha Thomson, Through Masai Land, kilitoka mwaka 1885. Wakati huo kupiga chapa picha ya kamera pamoja na maandishi kulikuwa bado ni kazi ngumu, hivyo picha zilichongwa upya kwa mkono wa fundi wa Ulaya. Kwa hiyo anayetafuta katika kitabu hicho ushahidi wa mavazi au silaha za miaka ya 1880 hana budi kukumbuka kwamba kati yake na morani amesimama mchongaji ambaye aghalabu hakuwahi kumwona Mmaasai.

Mwanzoni mwa karne iliyofuata mambo yalibadilika. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikiwa imekata nyanda za Kapiti na Athi, na mbinu mpya za uchapaji ziliiweka picha ya kamera moja kwa moja kitabuni. Mwaka 1901 Sidney Langford Hinde, daktari aliyekuwa mtawala wa serikali huko Ukamba, na mkewe Hildegarde, walitoa kitabu chenye picha nyingi walichokiita The Last of the Masai. Jina la kitabu ni hukumu: Wamaasai wa mwisho. Ni kweli kwamba sotoka ya miaka ya 1890 na ndui iliyofuata ziliwaua ng'ombe na watu kwa wingi usiosemeka. Lakini watu waliopigwa picha hawakuwa wa mwisho. Wajukuu wa wajukuu wao wanaishi Kitengela na Tuala hadi leo.

Maelezo yaliyo chini ya picha za namna hii yanamhusu mwanalugha kuliko mtu mwingine yeyote. Boma la familia, ambalo Wamaasai huliita enkang, huandikwa humo kraal, neno la Makaburu wa Afrika ya Kusini lenye asili ya Kireno. Pengine kila makao huitwa manyatta, ingawa emanyatta ni kijiji cha wamorani na si makao ya kila mtu. Mtu aliyesimama mbele ya kamera ni shujaa, mzee au mwanamke. Jina lake halipo, wala la olosho wake. Hata rika halitajwi, na hali miaka hiyo wamorani walikuwa wa Iltalala na Iltuati, jambo ambalo mzee yeyote angalimweleza mpiga picha kama angaliulizwa. Kwa Mmaasai, kumtaja mtu bila rika lake ni kumwacha nusu.

Mwaka 1905 A. C. Hollis alitoa The Masai: Their Language and Folklore, kitabu kilicho bora kupita vyote vya wakati ule, chenye hadithi, methali na mafumbo katika Kimaasai chenyewe pamoja na picha. Hapa angalau mtu mmoja ana jina: Justin Lemenye, Mmaasai aliyemsaidia Hollis katika lugha. Lakini dibaji iliandikwa na Sir Charles Eliot, Kamishna wa nchi hadi 1904, ambaye alishikilia kwamba wafugaji wahamao hawana haki ya kuzuia ardhi kubwa isitumiwe na walowezi. Kitabu kilichohifadhi maneno ya Wamaasai kilifunguliwa na mtu aliyetaka wapunguziwe nchi, na mwaka 1904 walikuwa wamekwisha kutiwa katika hifadhi mbili, moja Laikipia, nyingine kusini, upande wa Ngong na Kajiado. Baada ya mapatano ya 1911 wale wa Laikipia nao walihamishiwa kusini.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwezi uliotangulia, aliteremka katika stesheni ya Kapiti pamoja na mwanawe Kermit, aliyekuwa mmoja wa wapiga picha wa msafara. Kitabu chao cha 1910 kimejaa picha za wanyama. Jina la stesheni lenyewe ni Kaputiei, olosho wenye nchi, lililofupishwa. Wenye jina hawaonekani sana. Msomaji wa New York aliyezitazama nyanda hizo angeweza kuamini kwamba hazina mwenyewe.

Justin Lemenye aliishi hadi akasimulia maisha yake. Habari zake zilichapishwa katika miaka ya 1950, kwa Kiswahili. Humo hakuna shujaa asiye na jina: kuna mtoto, kuna baba yake, kuna ng'ombe walioporwa na walioporwa nao, na kila mmoja ametajwa.